Mwiba wa Nungu na Sikio la Somoe

Jumatatu, 3 Julai

Nimeswali, nimewasha jiko, nimempikia Somoe uji wa mtama, nimegombana naye. Siku kama siku nyingine. Kofia nimeshona vitundu kumi na tatu tu. Macho yamekataa.

Ugomvi ni huu. Jua limeshapanda, nimemwita mara tatu hakugeuka. Nikasema moyoni hiki ni kiburi. Mke mwenzangu huyu nimeishi naye miaka arobaini na mbili, kiburi chake nakijua hata kikiwa kimelala. Nikamtupia mwiko. Ukampata mgongoni, ndipo akageuka. "Si ungeniita tu, dada?"

Nimeingia ndani nikakaa kitandani.

Sikio lake la kulia lilikufa mwaka jana. Sasa la kushoto.

Jumanne, 4 Julai

Hospitali tangu asubuhi. Daktari ni msichana, mpole, ana mikono baridi. Amemulika, amegonga kijichuma, amemvalisha Somoe vitu masikioni. Mshipa wa kusikia unakufa. Kifaa kitamsaidia kidogo kwa maneno ya watu. Kwa nyimbo, hapana. Nimeuliza utakufa lini. Amesema haijulikani, huenda wiki, huenda miezi. Asubuhi anasikia vizuri. Jua likipanda unaanza mlio kama wa nyenje unafunika kila kitu.

Kwenye bajaji kurudi nyumbani Mitwero Somoe hakulia. Aliuliza jambo moja tu. "Athumani nitamsikiaje?"

Nikamwambia Athumani amekufa miaka kumi na tisa, mtu wa kusikiwa huyo? Nikamwambia anyamaze. Nilisema kwa ukali, dereva akatazama kwenye kioo.

Vibaya. Roho inaniuma mpaka sasa.

Athumani mume wetu aliimba bendi ya dansi hapa Lindi, ujanani. Santuri yake ni moja. Wenzake wanaimba weee, magitaa yanapiga weee, halafu mwisho kabisa ubeti mmoja anauimba yeye peke yake. Ubeti huo ndio sauti yake yote iliyobaki duniani. Na gramafoni yetu ikifika hapo hapo kwake inaanza kukwaruza, sauti inakuwa kama mihogo inayokaangwa. Alipokuwa hai hatukujali. Alikuwa anauimba mwenyewe bafuni.

Jumatano, 5 Julai

Nimekwenda sokoni kwa fundi redio, Chande. Nimebeba gramafoni kichwani kama ndoo. Watu wamecheka. Wacheke.

Chande ameeleza vizuri, sikutegemea. Santuri inapotengenezwa, kisu kinaichora kikienda moja kwa moja, kutoka ukingoni mpaka katikati. Lakini mkono wa gramafoni yangu umefungwa kwa nyuma, unazunguka kama mlango kwenye bawaba. Pembeni sindano inakaa sawa. Ikifika karibu na katikati inakaa kiupande, na mistari ya huko imebanana. Ndiyo maana Athumani anakaangwa. Juu ya hayo mkono ni mzito. Kila nikipiga, namchimba.

"Kwa hiyo nataka mkono unaokwenda moja kwa moja," nikasema.

"Ipo mikono hiyo, mama. Ulaya huko."

"Mimi nipo Lindi."

"Basi utengeneze."

Alisema kwa dhihaka. Nikamwambia haya, nipe vyuma. Akaacha kucheka. Amenipa chuma laini chembamba alichotoa kwenye printa mbovu, kinang'aa kama pete. Amenipa beringi nne ndogo za deki ya kanda, kila moja kama punje ya mbaazi. Amenipa kichwa cha sindano kizuri, cha mkopo, nirudishe. Akasema mkokoteni wa kupita juu ya chuma uwe mwepesi kuliko pumzi, maana hakuna mota wala kamba ya kuuvuta. Kinachoukokota ni ule mstari wenyewe wa santuri. Ukiwa mzito, mstari unachanika.

Mstari mwembamba kuliko uzi wangu wa kofia! Nimerudi nyumbani nimevifunga vyuma kwenye upindo wa kanga.

Alhamisi, 6 Julai

Kwa mkono wa gramafoni nimejaribu chelewa, ule uti wa ukuti. Inapinda. Bua la mtama jepesi ila linavunjika ukitoboa. Waya wa mwavuli mzito. Nimekula ming'oko ya baridi, vile viazi vya porini, kwa hasira.

Sijamwambia Somoe natengeneza nini. Anadhani natengeneza mtego wa panya. Mwache adhani.

Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba, maduka yamefungwa. Nimekaa kushona. Natoboa vitundu kwa mwiba wa nungu kama nilivyofundishwa na mama. Nimetoboa kofia nzima ndipo nikautazama mkononi mwangu. Mwepesi. Mgumu. Mnyoofu. Ndani una kitu kama pamba. Miaka hamsini nimeushika, leo ndiyo nimeuona.

Nimempigia ndugu yangu aliye kijijini Kikole. Nungu wanamlia mihogo kila mwaka, miba anayo tele. Nimesema niletee mirefu. Akauliza nina mgonjwa gani wa kutibu kwa miba ya nungu. Nimemwambia mume.

Amenipa pole, akasema ataituma.

Jumapili, 9 Julai

Miba imefika na gari la korosho. Nimechagua mmoja, urefu wa shubiri na kidogo. Nimeukata ncha, nimefunga kichwa cha sindano kwa uzi wa kofia, nimezungusha mara ishirini na nne, nikapaka gundi. Nyuma nimebana kipande cha chubwi, kile kirisasi cha mshipi wa kuvulia, ili uzito ulingane. Mwiba unapanda na kushuka juu ya ncha za sindano mbili za kushonea, zimekaa kwenye vifungo viwili vya shaba. Vifungo vya koti la Athumani. Hakuna atakayevidai.

Mkokoteni ni bati la kopo la maziwa, lenye zile beringi nne.

Nikipumua, kitu kinahama. Nikishikilia pumzi kinatulia. Basi nimeshinda siku nzima sipumui.

Jumatatu, 10 Julai

Chande anasema sindano ikanyage santuri kwa gramu moja na nusu, isizidi. Gramu ni nini mimi? Nimekwenda kwa sonara. Amepima mchele kwenye mzani wake wa dhahabu. Punje sabini. Nimezifunga kwenye kitambaa kama hirizi.

Nyumbani nimetengeneza mzani wa chelewa. Upande huu punje sabini, upande huu sindano. Nimesukuma chubwi nyuma, mbele, nyuma. Mzani umetulia saa ya adhuhuri. Nimepiga kigelegele. Somoe hakusikia.

Kigelegele changu! Zamani kilikuwa kinasikika mpaka kwa jirani wa tatu.

Leo nimemweleza ni kitu gani hiki. Nimemwonyesha kwa mikono, nimeongea karibu na sikio. Amekitazama muda mrefu. Amegusa vifungo. Akasema, "Wewe, unamtengenezea nani?"

Nikasema kwa ajili ya panya.

Jumanne, 11 Julai

Alasiri tumejaribu kwa santuri mbovu ya Kihindi. Kwanza mkokoteni ukakimbilia kushoto wenyewe, chuma hakijalala sawa. Nimeweka sahani ya maji juu ya meza, nimeinua mguu mmoja wa meza kwa karata, moja, mbili, tatu. Sahani ikakaa sawa. Mkokoteni ukasimama kama umeamrishwa.

Bado beringi zilikuwa zinakwama kidogo. Chande alisema mafuta ya cherehani. Sina. Nimetia ya nazi, niliyoyapika mwenyewe. Kwa bawaba, kwa panga, kwa vichwa vya watoto wangu wote, mafuta yangu hayajawahi kunitupa. Mkokoteni ukateleza kama kambale.

Kihindi kimeimba mpaka mwisho. Hakuna mkwaruzo. Hata katikati kabisa!

Lakini Somoe kwa saa hiyo alikuwa na nyenje wake sikioni, hakupata kitu. Kesho basi, baada ya alfajiri, sikio lake likiwa safi. Kesho tunampiga Athumani.

Sina hamu ya kula. Kuna jambo lazima niliandike, hapa hakuna wa kulisoma. Santuri zilikuwa mbili. Bendi ilimpa mbili. Moja niliivunja mimi gotini, siku alipomleta Somoe ndani ya nyumba hii. Nilisema mbuzi ameikanyaga. Kwa hiyo imebaki moja, na imebaki moja kwa sababu yangu. Nikiiharibu hii, nitakuwa nimezivunja zote.

Jumatano, 12 Julai

Nimeiharibu.

Baridi asubuhi, kipupwe kimekaza, Somoe amejifunga kanga tatu. Alikuwa anasikia vizuri, alisikia hata kuku akijikuna. Akasogeza kigoda kwenye spika. Nikashusha sindano.

Mwanzo kulikuwa kuzuri. Magitaa. Somoe akafumba macho. Halafu nikaona mwiba unaanza kupinda. Sindano inataka kwenda, mkokoteni umesimama. Umesimama kabisa! Sauti ikawa inarudia neno moja, inarudia, inarudia. Somoe akacheka, "Athumani hata maiti mbishi." Akafumbua macho akaniona uso. Akaacha kucheka.

Nilipoinua, sindano ikaruka. Mkwaruzo mrefu kama ukucha wa paka. Upo kwenye magitaa, vidole viwili kabla ya ubeti wake. Vidole viwili tu.

Somoe amesema si kitu. Nimemwambia atoke. Ametoka.

Alhamisi, 13 Julai

Mchana nimejaribu tena na Kihindi. Unateleza vizuri. Unateleza vizuri kabisa! Sielewi. Jana ulisimama kama punda, leo unakwenda. Nimepima kwa punje, sabini. Nimetazama sahani ya maji, sawa. Nimewaza mambo ya ajabu. Nimewaza Athumani hataki. Nimewaza ananikumbusha ile ya kwanza. Nikamwambia kwa sauti, wee mwanamume, kama una kisasi nami nilipe mimi, huyu mwenzangu kakukosea nini?

Kisha nimeona haya, nimetawadha.

Somoe mchana kutwa hakusikia. Nimemwandikia kwenye daftari hili neno CHAI nikamwonyesha. Hajui kusoma. Nilisahau. Mimi mwenyewe shule sikukanyaga, herufi nimezipata ukubwani kwenye kisomo chini ya banda la pamba, naye aligoma kuja kwa sababu mimi nilikuwepo. Hayo ndiyo tuliyofanyiana.

Ijumaa, 14 Julai

Mjinga mimi! Mjinga mwenye mvi!

Nimetoka kuswali, nikataka kujipaka mafuta miguu imekauka. Chupa ya mafuta ya nazi nikaigeuza, hayatoki. Nikaitikisa. Meupe. Yameganda kama nta. Kila kipupwe asubuhi yanaganda, nayaanika juani, najua tangu mtoto, kila mtu pwani hii anajua. Na mimi nimeyatia kwenye beringi ndogo kama mbaazi! Mchana yanayeyuka, unateleza. Alfajiri yanaganda, unasimama. Na alfajiri ndiyo saa pekee aliyobaki nayo Somoe.

Nimejipiga kofi la paja. Nimecheka mpaka nimelia, au nimelia mpaka nimecheka.

Mkokoteni wote nimeufungua. Beringi nimezilaza kwenye kikombe cha mafuta ya taa, nimezisugua kwa unyoya wa kuku, nimezikausha, nimezirudia mara tatu. Sikutia kitu. Kavu. Chande nimempigia kumweleza. Amecheka, kisha akasema, "Mama, kavu ndiyo bora." Ungelisema Jumatano ile ya sokoni, mwanangu.

Kesho asubuhi.

Jumamosi, 15 Julai

Hapana.

Hakusikia adhana. Nilimwona amelala, mdomo wazi, msikiti unaita. Nikamtikisa. Akanitazama kama mtu aliye chini ya maji. Nimepiga makofi kushoto. Nimepiga sufuria. Hakuna.

Tumekaa barazani. Anachambua mbaazi. Mimi natazama sikio lake tu, sikio dogo, lina tundu la hereni limechanika. Nililichana mimi, mwaka ule wa kwanza, tulipopigana kisimani. Sikio hilo hilo.

Siku tatu nilizopoteza kwa mafuta ya nazi. Asubuhi tatu.

Jumapili, 16 Julai

Hakuna. Kidogo labda. Niliangusha kinu akageuka, lakini sakafu ilitetemeka, labda aliisikia kwa miguu.

Nimejaribu mkokoteni alfajiri, baridi kali, kwa Kihindi. Umekwenda mpaka mwisho. Kavu. Mwepesi. Mkono uko tayari na hakuna sikio. Nimeukasirikia mkono.

Sikula. Somoe amenilazimisha, amenitilia tonge mdomoni kama mtoto. Nimemeza.

Jumatatu, 17 Julai

Niandike taratibu, nisikosee.

Nilikuwa naswali. Nikasikia nyuma yangu, "Jogoo wa nani anapiga kelele hivyo?"

Swala nimeimaliza, Mungu atanisamehe jinsi nilivyoimaliza. Jogoo nimemkamata nikamfunika tenga, nikaweka jiwe. Meza, sahani ya maji, sawa. Punje sabini, sawa. Nimeipangusa santuri. Somoe ameshakaa kigodani, sikio la kushoto kwenye spika. Upepo ulikuwa unavuma dirishani, nikachukua kanga nikamfunika kichwa na spika yake. Akainua upindo akasema, "Ingia na wewe." Nikashusha sindano, nikaingia.

Magitaa. Wenzake wakaimba. Nilikuwa natazama mkokoteni kwa upenyo wa kanga. Ulikuwa unakwenda. Siuoni ukienda, ila kila nikitazama umesogea, kama kivuli. Ukafika kwenye mkwaruzo wangu. Tik. Tik. Tik. Kila tik ikinipiga mbavuni. Nikajua sasa utaruka. Haukuruka. Ukapita.

Akaanza.

Hakuna mihogo. Hakuna mafuta. Athumani, kijana, kabla hajaota kitambi, kabla ya kikohozi. Kabla ya Somoe. Nimesikia mpaka mate mdomoni mwake. Na kabla ya maneno ya mwisho anavuta pumzi, ndefu, kwa pua, kama alivyokuwa anavuta akitaka kukudanganya. Nilikuwa nimeisahau pumzi ile. Ilikuwa inazikwa kwenye mkwaruzo miaka yote.

Somoe ameshika mkono wangu wakati gani sijui. Alama za kucha zake ninazo.

Ikaisha. Somoe akanyoosha kidole, tena.

Tumepiga mara nne. Ilipofika ya tano nikasema basi, tutaichakaza. Akasema, "Tunamhifadhia nani?" Tukapiga ya tano.

Chini ya kanga ile nimemwambia. Nimemwambia hakukuwa na mbuzi. Nilisema kwenye sikio lake lile zima, asije akasema hakusikia.

Akasema, "Dada, tangu lini tulikuwa na mbuzi?"

Amejua miaka yote hiyo. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema alikuwa anangoja nivunje na hii aniue vizuri.

Saa nne nyenje wake wakaja. Nimemfunua jogoo.

Jumatano, 19 Julai

Asubuhi mbili tena tumempata. Jana vizuri. Leo kwa mbali, amesema kama yuko chumba cha pili. Nimeulizwa na mjukuu kwa simu kwa nini nisirekodi. Nimerekodi, atamsikia yeye na wanawe. Somoe kwa simu hapati kitu, ni sauti ya mbu.

Chande amekuja kutazama mkono. Ameinama, amevua kofia, ametazama mwiba na vifungo. Kichwa cha sindano hajakidai. Nimempa ming'oko.

Ijumaa, 21 Julai

Leo hakusikia adhana. Wala jogoo. Nimengoja mpaka saa tano.

Jumatatu, 24 Julai

Hakuna. Daktari amemulika, ametikisa kichwa. Nilijua. Nimemshukuru.

Somoe amenunua samaki mwenyewe, ameonyesha kwa vidole, amepunguziwa. Anasema uziwi una faida.

Alhamisi, 27 Julai

Baridi imepungua. Mafuta kwenye chupa leo hayakuganda.

Nimeshona kofia barazani. Somoe alikuwa ndani. Nikasikia magitaa. Nikachungulia. Amepima sahani ya maji, amefuta vumbi, ameshusha sindano mwenyewe. Sikumfundisha, aliniona. Amekaa kigodani, kiganja amekilaza juu ya spika, macho amefumba.

Tik, tik, tik. Mwiba ukapita.

Ubeti ukaanza. Uso wake haukubadilika. Nikasema basi, hapati kitu, ananifurahisha tu. Kisha ikafika ile pumzi, pale ngoma zinaponyamaza kidogo. Akainua kidole kimoja. Hapo hapo. Akakishusha kwenye neno la mwisho.

Santuri ikazunguka bure. Nikaenda nikainua sindano.

Uji ulikuwa tayari. Sikumwita. Nimemgusa bega.